Urani ni yetu, kobalti ni yetu: juu ya nini fundi wa mionzi asitoke Kalemie?

Tamko kwa wakaaji wa Kalemie, kwa viongozi wa jimbo la Tanganyika, na kwa vijana wote wenye kumaliza sekondari



Kuna jibu moja ambalo vijana wa mji huu wamelichoka. Ukimuambia mkubwa fulani kwamba unataka kusomea tiba ya nyuklia, yaani kazi ya kutumia mionzi kwa kutafuta na kutibu magonjwa, kwanza anacheka. Kisha anasema: "Mutoto, ile haiko ya kwetu. Ile ni ya Bazungu. Wewe somea ualimu, ao utafute pikipiki ya kufanyia taksi."

Jibu hilo tumelisikia kwa waalimu, kwa wazazi, hata kwa watu wenye tulichagua watusemee. Leo tunalijibu. Kazi ya mionzi ilitoka katika udongo wetu mbele haijakuwa kazi ya mtu mwingine, na kumfungia kijana wa Kalemie mlango wake ni kumwibia mara ya pili.

Eti si ya kwetu?

Tuanze na historia, juu wenye kusema "si ya kwetu" hawaijui, ao wanaijua na wananyamaza.

Mwaka 1915 madini ya urani yalionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga ile ambayo Tanganyika ilikuwa sehemu yake hadi majimbo yalipogawanywa mwaka 2015. Wakati ule dunia haikutafuta sana urani. Ilitafuta radiumu, kitu kinachopatikana kidogo sana ndani ya madini ya urani, na radiumu ilitakiwa zaidi juu ya kutibu kansere. Kuanzia mwaka 1922, Union Minière ilisafisha madini ya Shinkolobwe kwenye kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Madini yetu yalikuwa tajiri hata viwanda vya radiumu vya Marekani vilishindwa na bei, vikafunga. Kwa miaka kumi hivi, sehemu kubwa ya radiumu ya dunia nzima ilitoka katika ardhi ya Katanga. Wanawake wa Ulaya wenye kansere ya kizazi walitibiwa kwa vijiti vidogo vya radiumu vilivyowekwa karibu na ugonjwa.

Miaka mia moja imepita. Mama wa Nyunzu ao wa Moba mwenye kansere hiyo hiyo, leo anapewa nini? Mara nyingi anapewa dawa ya kutuliza maumivu, kama iko, na maneno mazuri ya kumpeleka nyumbani.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe hadi New York. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Congo. Watoto wetu wanasoma jina la Hiroshima shuleni. Jina la Shinkolobwe wengi wanalikuta wakiwa wakubwa, na kwa bahati.

Sasa sikilizeni hii. Tarehe 6 Juni 1959, mwaka mmoja mbele ya uhuru, reakta ya TRICO iliwashwa kwenye chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mji ulioitwa bado Léopoldville. Ilikuwa reakta ya kwanza ya nyuklia katika Afrika yote. Haikuwa ya bomu wala ya umeme. Ilikuwa ya utafiti, ya kufundisha, na ya kutengeneza vitu vyenye mionzi kwa kazi ya matibabu na ya kilimo. Afrika Kusini iliwasha yake ya SAFARI-1 mwaka 1965, miaka sita nyuma yetu. Sisi tukaongeza ya pili, TRICO II, yenye nguvu ya megawati 1, mwaka 1972.

Na leo? SAFARI-1 inasaidia Afrika Kusini kuwa kati ya wauzaji wakubwa wa molibdeni ya hospitali katika dunia. Morocco iliwasha reakta ya aina ile ile ya TRICO mwaka 2007, yenye nguvu mara mbili ya yetu. Ya kwetu imesimama tangu 2004. Waliotangulia wamekaa chini, waliofuata wamefika. Halafu mtu anatuambia eti hii ni kazi ya Bazungu! Mwafrika wa Pretoria anaifanya. Mwafrika wa Rabat anaifanya. Ng'ambo ya ziwa letu, Mtanzania anaifanya kila asubuhi kwenye Taasisi ya Kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Tuongeze kobalti. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Ukiiweka kobalti ndani ya reakta inageuka kuwa kobalti-60, na mashine za kobalti-60 zinatibu kansere tangu mwaka 1951. Tuongeze tena Manono, ndani ya jimbo letu lenyewe: jana ilikuwa bati, leo ni lithiamu. Mchezo ni ule ule. Jiwe linapanda gari, ujuzi haushuki. Kijana wa Manono anapewa chepeo, kijana wa kwingine anapewa maabara.

Kazi yenyewe ni nini?

Wengi wanajua "kupiga radio". Mashine inatuma mionzi kutoka inje, inapita ndani ya mwili, picha inatoka. Radio inaonyesha mfupa umekaa namna gani.

Tiba ya nyuklia inageuza njia hiyo. Mgonjwa anapigwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo sana, dawa inaenda yenyewe kwenye kiungo kinachotafutwa, na kamera iliyo inje inapokea mionzi inayotoka ndani. Kwa hiyo inaonyesha kiungo kinafanya kazi namna gani: kama figo inachuja, kama moyo unapata damu, kama kansere ya titi imefika kwenye mifupa. Mara nyingi inaona shida mbele ya radio, juu mwili unaharibika katika kazi yake mbele haujaharibika katika umbo lake.

Dawa inayotumiwa zaidi ni teknesi-99m. Inapungua nusu kila masaa 6. Ukiwa nayo leo saa mbili asubuhi, kesho saa mbili asubuhi imebaki sehemu moja katika 16. Kitu kama hicho huwezi kuweka kwenye kabati. Njo maana hospitali inanunua jenereta, si ile ya mafuta, ni chombo kidogo chenye kinga ya risasi na molibdeni-99 ndani. Molibdeni inazaa teknesi, na fundi anaikamua kila asubuhi kama mtu anayekamua ng'ombe.

Huyo fundi njo tunayemsemea hapa. Asubuhi anakamua jenereta, anapima kama molibdeni haikupita pamoja na teknesi, anachanganya dawa, anapima kipimo cha kila mgonjwa kufuatana na uzito na ugonjwa. Anapiga sindano. Kwa picha ya mifupa anangojea masaa mawili hadi manne. Anamlaza mgonjwa, anachukua picha, anaangalia kama mgonjwa hakutikisika. Jioni anapima meza, mikono na sakafu kama hakuna kilichomwagika, anafunga takataka zenye mionzi mpaka zipoe, anaandika kila kitu. Munganga anasoma picha, lakini fundi njo anayeitengeneza. Picha ikiwa mbaya, jibu litakuwa baya, na mgonjwa atakatwa bure ao ataachwa bila kukatwa.

Kuna na upande wa kutibu. Iyodi-131 inaenda kwenye tezi ya shingo, na inatibu tezi inayofanya kazi kupita kiasi pamoja na kansere zake nyingi. Mgonjwa anameza kidonge ao maji. Haponyi kila goita, tusidanganyane. Lakini wale wanaofaa kupona kwa kidonge, juu ya nini wabaki paka na kisu, ao bila kitu?

Na karibu na kazi hii kuko ndugu zake: fundi wa tiba ya mionzi anayeendesha mashine za kansere, mwanafizikia wa hospitali anayehesabu vipimo, na mtu wa kinga ya mionzi anayelinda wagonjwa na wafanyakazi. Ukisoma mmoja, mwingine haukuogopeshi tena.

"Hata umeme hatuna, munataka nyuklia?"

Hili njo swali kubwa, na wenye kuliuliza si wajinga. Tunalijibu kwa heshima.

Ni kweli: umeme wa Kalemie unatoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, na kila mkaaji anajua unavyokatika. Ni kweli: barabara ni mbovu. Ni kweli pia kwamba hesabu ya mionzi haina huruma. Molibdeni-99 inapungua nusu kila masaa 66. Jenereta ikikaa njiani siku tano na nusu, kati ya ndege, stoo na duane, inafika ikiwa na robo tu. Umelipa nzima, umepokea robo. Kwa mji ambao mzigo unaweza kulala kiwanja cha ndege juma nzima, hiyo ni kutupa franga ziwani.

Kwa hiyo hatudai kamera ya gamma ifike Kalemie kesho. Mwenye kukuahidi hiyo wakati wa uchaguzi anakudanganya. Tunadai watu. Mashine inanunuliwa kwa miezi, mtu anatengenezwa kwa miaka. Hesabu pamoja nasi: miaka mitatu ya chuo cha ufundi wa tiba, mwaka mmoja ao miwili ya kazi hospitalini, miaka miwili ya kuongeza ujuzi inje. Mtoto anayemaliza sekondari mwaka huu, ukimuanza leo, atakuwa fundi kamili baada ya miaka sita ao saba. Ukingojea kwanza umeme utulie, kisha barabara, kisha jengo, kisha mashine, ndipo utafute mtu, huyo mtu atatoka inje, atalipwa kwa dola, na siku mkataba unaisha mashine itavaa vumbi.

Tutazame Uganda. Mwaka 2016 mashine moja tu ya kobalti-60 iliyokuwa Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi. Mpya ilizinduliwa mwaka 2018, juu nyumba yenye kuta nene za kinga haikuwa tayari. Pesa ya mashine ilikuwa imepatikana mapema. Kilichokosa ni matayarisho. Katikati hapo wagonjwa walingoja, na kansere haingojei. Somo lake ni hili: anza na vitu vinavyochukua muda mrefu. Na kinachochukua muda mrefu kuliko vyote ni binadamu.

Tena, wenye kusema "tungoje" wao wenyewe hawangojei. Wakubwa wakiumwa wanapanda ndege. Mfanyabiashara anavuka ziwa hadi Kigoma, anaendelea Dar es Salaam. Wa kungojea ni mama anayeuza ndagala. Basi msituambie tungojee pamoja, wakati ninyi hamuko kwenye mstari.

"Mionzi inaua"

Ndiyo, mionzi inaweza kuua. Njo maana inataka watu waliosoma.

Sheria ya kazi hii katika dunia inasema mfanyakazi asipokee zaidi ya milisiverti 20 kwa mwaka, kwa kadiri ya miaka mitano, na raia wa kawaida asipokee zaidi ya 1 kutokana na kazi hizo. Fundi anavaa kifuani kipimo kidogo kinachohesabu kila anachopokea. Anafundishwa mambo matatu: kaa muda mfupi, simama mbali, weka kinga katikati.

Linganisheni na Shinkolobwe. Mgodi ulifungwa rasmi, lakini watu walirudi kuchimba kwa mikono, wengi wakitafuta kobalti. Mwaka 2004 rais alikataza kuchimba pale, na katikati ya mwaka ule ule mgodi ukaanguka na kuua watu. Nani alikuwa na kipimo kifuani? Nani alifundishwa muda, umbali na kinga? Kijana Mkongomani amekula mionzi bure, bila mshahara wa fundi na bila cheti. Mkisema kazi ya mionzi ni hatari kwa watoto wetu, mmechelewa: hatari tumepewa zamani, kilichobaki kupewa ni masomo.

Na kinga ya mionzi si jambo la baadaye. Kila chumba cha radio kinataka mtu anayejua kupima: ukuta ni mnene wa kutosha? Mwanamke mwenye mimba ameulizwa? Muuguzi anayeshika mtoto wakati wa kupiga picha amevaa aproni ya risasi? Nchi yetu iko na sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya kujikinga na mionzi, na iko na kamati ya taifa ya kazi hiyo, CNPRI. Sheria inataka watu wa kuitumikisha katika kila jimbo. Hiyo ni kazi ya leo, hapa hapa, mbele kamera ya gamma haijafika.

Mlango uko wapi?

Kwa kijana mwenye kusoma hapa na kujiuliza "mimi naanzia wapi?", tunaandika yale tunayojua.

Sekondari: chagua upande wa sayansi. Fizikia, kemia, hesabu, biolojia. Ukikimbia fizikia, umekimbia kazi hii.

Baada ya Diploma ya Serikali: vyuo vya ufundi wa tiba, wengi wanaviita ISTM, viko na kitengo cha picha za matibabu. Kwa wenye uwezo wa hesabu, iko njia ya fizikia kwenye chuo kikuu. Ukitoka kwenye picha za matibabu uko tayari na kazi: radio, ekografi, skaneri. Huwezi kukosa mkate ukingojea nyuklia. Hiyo ni hekima ya njia hii: kila hatua inajilisha yenyewe.

Baada ya hapo: Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, AIEA, linatoa nafasi za kujifunza katika nchi nyingine. Congo ni memba. Kuko mapatano ya nchi za Afrika yanayoitwa AFRA, yaliyoanza 1990, ambamo nchi moja inafundisha watu wa nyingine. Kuko mafunzo ya mbali ya mafundi wa tiba ya nyuklia, unasoma ukiwa kwenye kazi. Kwa dada zetu, tangu 2020 kuko msaada wenye jina la Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wanaosoma masta katika mambo ya nyuklia. Yule Marie Curie njo aliyegundua radiumu pamoja na mume wake mwaka 1898. Radiumu imeshatoka hapa kwetu. Msichana wa Kabalo anayechukua msaada huo hatakuwa anaomba kitu cha wengine.

Mwaka 2022 AIEA ilizindua mpango wa "Miale ya Tumaini" kwa kupeleka tiba ya mionzi katika nchi zenye kukosa, na Congo iko kati ya nchi saba za kwanza. Vizuri. Jina la nchi liko kwenye karatasi. Tunauliza: majina ya vijana wa Tanganyika yako kwenye karatasi gani?

Juu nafasi nyingi za AIEA haziombwi kwa simu ya mtu mmoja. Zinapita kwa nchi, na kwa nchi yetu maana yake ni Kinshasa. Tangazo linalobandikwa Kinshasa tu, kwa kijana wa Kongolo halikubandikwa. Akilisikia, siku imepita.

Na tuseme jambo ambalo halipendezi masikio: lugha. Kiswahili chetu kinatufikisha hadi sokoni Kigoma bila shida, lakini darasani Muhimbili, Dar es Salaam, wanafundisha kwa Kiingereza. Vitabu vingi vya kazi hii ni vya Kiingereza. Morocco wanasomesha kwa Kifaransa, lakini Morocco ni mbali na Kigoma iko mbele ya macho yetu. Jimbo lenye bandari ya kutazamana na Tanzania, bila mpango wa kufundisha vijana Kiingereza cha sayansi, ni kama mvuvi anayekaa ufukweni bila wavu.

Kwetu sisi vijana

Hatutaki kulaumu leta peke yake, halafu tuende kulala.

Fundi wa mionzi anayedanganya kwenye hesabu anamchoma mgonjwa. Kwa hiyo mwenye kununua pointi, mwenye kuingia mtihani na karatasi ndani ya soksi, asijidanganye kwamba siku moja ataaminiwa sindano ya iyodi. Kazi hii haina "tutapanga". Nukta moja ikikaa mahali pabaya, kipimo kinaongezeka mara kumi. Tukitaka mlango ufunguke, tufike mlangoni tukiwa na kitu kichwani.

Tena tuache kuchekana. Msichana akisema anataka fizikia, kaka zake njo wa kwanza kumuambia atafute mume. Hiyo nayo ni kufunga mlango, na hapo hakuna wa kumsingizia Kinshasa.

Tunadai

Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 58 kinasema Wakongomani wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na leta ina lazima ya kuugawa kwa usawa. Sheria ya madini ilivyogeuzwa mwaka 2018 inapa jimbo asilimia 25 ya malipo ya madini, miji na sekta asilimia 15, na mfuko wa vizazi vijavyo asilimia 10. Hatuombi sadaka. Tunaomba hesabu.

1. Liwali wa jimbo na wizara yake ya afya watie ndani ya bajeti masomo ya vijana sita kila mwaka, kwa miaka mitano: picha za matibabu, tiba ya mionzi, tiba ya nyuklia, fizikia ya hospitali na kinga ya mionzi. Nusu wawe wasichana. Kila teritwari iwe na nafasi: Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Wachaguliwe kwa mtihani wa wazi, na matokeo yabandikwe ukutani.

2. Pesa hiyo itoke kwanza katika sehemu ya jimbo ya malipo ya madini. Wabunge wa jimbo watuonyeshe mbele ya watu: Manono imeleta ngapi, imeenda wapi. Wenye kusema pesa haiko, watuambie bei ya jeep moja mpya ya mkubwa, halafu tuhesabu pamoja miaka ya masomo iliyomo ndani.

3. Kila nafasi ya masomo ya AIEA na ya AFRA itangazwe katika majimbo yote, kwenye radio, kwa Kiswahili na Kifaransa, angalau siku 30 mbele ya mwisho. CGEA na wizara za Kinshasa zichapishe kila mwaka ni nafasi ngapi zimepatikana, zimeenda kwa watu wa jimbo gani.

4. Chuo Kikuu cha Kalemie na vyuo vya ufundi wa tiba vya jimbo vifungue kitengo cha picha za matibabu pale hakiko, vikitie nguvu pale kiko, na vianze masomo ya Kiingereza cha sayansi.

5. Vyumba vyote vya radio vya jimbo, vya leta na vya watu binafsi, vipimwe kufuatana na sheria ya 2002, na kila mfanyakazi wa radio apewe kipimo cha kifuani. Matokeo yatangazwe.

6. Anayesomeshwa na jimbo asaini kurudi kutumika miaka mitano. Na jimbo nalo lisaini kumlipa. Tumechoka kuona watu wanarudi na diploma, wanakaa miaka bila namba ya kazi, kisha wanaondoka na sisi tunawaita wasaliti.

Tutafanya nini

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka barua ya madai kwa wakubwa wa serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na mkubwa ana lazima ya kujibu ndani ya miezi mitatu. Tutaitumia haki hiyo kwa utulivu, bila jiwe na bila matusi.

Waalimu wa fizikia na wa kemia, tunawaomba mtusaidie kuandika orodha ya wanafunzi wenye uwezo, shule kwa shule. Waganga na wauguzi, tusaidieni kuhesabu: ni wagonjwa wangapi mnawatuma Lubumbashi, Kigoma ao Kinshasa, na ni wangapi hamwatumi juu hawana nauli? Wazazi, tieni sahihi. Wavuvi, wachuuzi wa soko, wafanyakazi wa reli na wa bandari, tieni sahihi: kansere haiulizi mtu anafanya kazi gani.

Tukimaliza kukusanya sahihi, tutapeleka barua kwa miguu hadi kwenye ofisi ya jimbo, mchana, mbele ya macho ya wote, na tutaomba muhuri wa kupokelewa. Kutoka muhuri ule, miezi mitatu inaanza. Tutaihesabu siku kwa siku, na jibu litakalotoka, ao ukimya, tutausoma mbele ya watu.

Imeandikwa Kalemie.